Paneli Namba Sita ya Mnyambe

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya tarehe 12 Agosti 2025, paneli tano kati ya sita zilizokuwa juu ya paa la Mama Mujibu, Mnyambe, zilikuwa zimefunikwa turubai jeusi.

Mwalimu Perpetua aliliona akiwa bado nyuma ya bodaboda. Alimwambia dereva asimame, akashuka, akatazama saa yake kabla ya kutazama tena paa. Ilikuwa tabia ya miaka mingi: muda kwanza, kisha jambo lenyewe. Turubai lilikuwa limebanwa kwa mawe manne pembeni. Lilianzia paneli namba moja upande wa ngazi, likaishia namba tano. Namba sita, iliyokuwa mwisho kabisa karibu na kofia ya paa, ilibaki wazi na vumbi lake la manjano.

Ukungu wa Newala ulikuwa haujaisha. Ndani yake ulielea unga mwingine, wa manjano hafifu, wenye harufu ya kiberiti, na nyuma ya mikorosho mashine ya kupulizia salfa ilikuwa ikinguruma.

Hakuwahi kufika hapa saa hii. Kwa wiki kumi na mbili alikuwa akija kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, akimaliza vipindi vyake vya asubuhi Masasi, akipanda gari hadi Newala mjini, akimpigia simu Mama Mujibu kwamba yuko njiani, na kufika karibu saa saba, jua likiwa kali la kutosha kwa vipimo. Leo alikuwa ameomba ruhusa ya siku nzima kwa sababu kipimo hiki kilikuwa cha mwisho na taarifa ilitakiwa kumfikia msimamizi wake wa chuo kabla ya saa kumi na moja jioni. Alipanda gari la kwanza. Hakupiga simu, maana hakuona sababu ya kumsumbua mtu alfajiri.

Paneli zenyewe hazikuwa za dukani. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa daftari la shule, kioo kilichopakwa utando wa perovskaiti, mwembamba mara mia na zaidi kuliko unywele. Utando huo ni rahisi kutengeneza kuliko silikoni ya paneli tulizozizoea, na siku ya kwanza hufanya kazi vizuri sana. Shida yake ni siku ya mia. Wanafunzi wake wa kidato cha nne aliwaeleza hivi: mwanga ukipiga utando, unang'oa elektroni na kuacha tundu mahali pake. Elektroni itokee mlango wa huku, tundu mlango wa kule, na hapo ndipo umeme unapopatikana. Zikikutana ndani kabla ya kutoka, zinaungana tena, na kile ambacho kingekuwa umeme kinaishia kuwa joto. Paneli inapochakaa, milango inaziba taratibu, na wanaokutana ndani wanazidi kuwa wengi.

Paneli sita aliziweka juu ya maabara ya shule yake Masasi, chini, kwenye joto. Sita nyingine alizipandisha hapa, juu kwenye baridi na ukungu. Hadi wiki ya kumi, za Masasi zilikuwa zimebakiwa na asilimia sabini na saba ya nguvu yao ya kwanza. Za Mnyambe zilikuwa na tisini na moja. Hiyo tisini na moja ilikuwa wastani wa paneli tano. Namba sita ilikuwa na sabini na nane, na tangu wiki ya nne Perpetua alikuwa ameandika mbele yake "kasoro ya kiwandani" na kuiondoa kwenye hesabu.

Kila kitu kilisimama juu ya hiyo tisini na moja. Wastani wa Mnyambe ukizidi themanini na tano, awamu ya pili ingeanza Oktoba, paneli kubwa zingefungwa kwenye zahanati ya kata kwa ajili ya friji ya chanjo, na Perpetua angekabidhi tasnifu ya shahada yake ya uzamili, aliyoianza miaka minne iliyopita na ambayo alikuwa ameomba kuongezewa muda mara mbili. Ukishuka chini ya hapo, majaribio yangeanza upya, na hakukuwa na ombi la tatu.

Alimlipa dereva, akaingia uani.

Mama Mujibu alikuwa ameinama kwenye kisima cha kuvunia maji ya mvua, akikaza kipande cha gunia juu ya mfuniko. Mfereji wa bati ulikuwa umechomolewa na kugeuziwa pembeni ili unga wa salfa usiteremke ndani. Ndoo mbili zilikuwa zimepinduliwa. Kamba ya nguo ilikuwa tupu. Perpetua alivitazama vyote hivyo kimoja baada ya kingine.

"Shikamoo, Mama Mujibu."

"Marahaba, mwanangu." Mama Mujibu alinyanyuka, akajishika kiuno. "Leo umekuja kama mgambo. Hata simu?"

"Nimepata gari la kwanza."

"Basi hujala. Kuna mihogo, na chai iko jikoni, nimeifunika."

"Mama, lile turubai."

Mama Mujibu alitazama juu ya paa kama mtu aliyeulizwa habari za mlango wake. "La ufuta. Ufuta umeshaanuliwa, halina kazi. Hivi wewe una shida nalo?"

"Uliliweka saa ngapi?"

"Nilipomaliza kuswali alfajiri. Sadallah alipita jana jioni akasema leo anapuliza kwa kina Khalidi. Huwa anapita. Asipopita, watu wanamsema hadi sokoni."

"Kwa hiyo unafunika kila akipuliza."

"Kila mtu anafunika kila akipuliza, mwalimu. Maji, sufuria, nguo, mtoto mchanga. Salfa ni dawa ya mkorosho, si dawa ya mtu." Alimwangalia Perpetua usoni. "Nimeharibu?"

Perpetua alikwenda nyuma ya mlango wa mbele, mahali alipobandika maelekezo mwezi Mei. Karatasi ilikuwa pale pale, ndani ya plastiki, mistari saba kwa mwandiko wake mwenyewe. Usioshe paneli. Usisogeze paneli. Usiguse waya. Usiruhusu mtoto kupanda. Mingine mitatu ilihusu kisanduku cha waya na namba ya simu. Aliisoma yote mara mbili.

"Ulisema nisioshe," Mama Mujibu alisema nyuma yake. "Sijaosha. Ulisema nisisogeze. Sijasogeza. Kufunika hukusema."

"Sikusema."

"Nami nikajiuliza, sasa zikichafuka na kuosha ni marufuku, mwalimu atakuta nini? Kwa hiyo na Jumanne zako nazifunika alfajiri hata kama hakuna anayepuliza. Ukipiga simu kwamba umefika Newala, nafunua. Unazikuta safi."

"Jumanne zote?"

"Zote. Ulizikuta chafu hata siku moja?"

Zile tano hakuzikuta chafu hata siku moja. Katika daftari lake la vipimo, mbele ya kila Jumanne ya Mnyambe, aliandika "uso safi" na kuweka alama ya vema. Za Masasi aliandika "vumbi jepesi". Tofauti hiyo aliiona kwa macho yake mara tano na kuieleza kwa ukungu: umande wa usiku, aliandika, husafisha kioo.

Aliketi kwenye kigogo cha nje, akapokea chai kwa sababu ilikuwa imekwisha kumiminwa. Miguu ilimuuma toka kwenye gari. Alijua tayari sehemu kubwa ya kilichotokea, kama mtu anavyojua uzito wa mzigo kabla ya kuupima, lakini kujua hivyo hakuandikwi kwenye taarifa. Paneli ya aina hii ikipigwa na jua, chembe ndani ya utando husogea polepole na kujikusanya mpakani, pale pale penye milango. Ikikaa gizani, baadhi hurudi mahali pake. Paneli iliyopumzika ikipimwa mara tu baada ya kufunuliwa huonyesha nguvu ambayo mchana wa kazi ungeiondoa. Na saa ambazo haikupigwa na jua kabisa ni saa ambazo haikuchakaa.

Kipima mwanga hakikuweza kumwambia lolote. Paa halikuwa na nafasi, kwa hiyo alikifunga juu ya nguzo kwenye kona ya ua, na nguzo hiyo hakuna aliyeifunika. Kifaa cha kurekodi umeme wa paneli saa kwa saa kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa Masasi.

"Nifunue?" Mama Mujibu aliuliza.

"Bado. Acha mpaka saa tano. Nitafunua mwenyewe."

Saa mbili na nusu upepo ulianza, na mashine ikanyamaza. Haikupita muda Sadallah akatokea njiani, mashine mgongoni, kitambaa mdomoni, wa manjano kuanzia kofia hadi kope.

"Huyo anakuja," Mama Mujibu alisema. "Ukimtia kwenye mafuta anaiva kama andazi."

"Andazi lako limekusikia," Sadallah alisema. Aliteremsha mashine, akamwamkia Perpetua kwa kuinamisha kichwa, asimpe mkono mchafu. "Mwalimu umewahi. Shule imefungwa au walimu wamewatoroka watoto?"

"Nina shida na kumbukumbu zako, kaka Sadallah. Unaandika siku unazopuliza?"

"Naandika kila kitu. Mwaka juzi mtu aliniapia kwamba raundi ya tatu sikufanya kwake. Tangu siku hiyo sipulizi mkorosho mmoja bila kalamu."

Daftari lilikuwa dogo, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine. Tarehe, jina la mwenye shamba, idadi ya mikorosho, saa ya kuanza. Perpetua aliyasoma maandishi yale kwa heshima aliyoiona mara chache kwa maandishi ya wanafunzi wake. Alimwomba Mama Mujibu ataje mashamba ambayo unga wake hufika kwenye nyumba. Yalikuwa sita. Sadallah alikubaliana na matano na kubishana juu ya la sita.

"La mzee Sultani liko mbali," alisema.

"Liko mbali kwako wewe unayetembea. Upepo hautembei kwa miguu. Siku ile ya mahari ya binti wa Khalidi tulikula pilau la salfa, ilitoka wapi?"

"Basi, liandike," Sadallah alimwambia Perpetua. "Siwezi kushindana na pilau."

Aliliandika. Tangu paneli zilipofungwa tarehe 20 Mei hadi jana zilikuwa siku themanini na nne. Daftari lilitoa asubuhi thelathini na saba za kupuliza. Kati ya Jumanne tano zilizotangulia, moja ilikuwemo tayari. Zilizobaki nne ziliongeza hesabu ikawa arobaini na moja. Mama Mujibu alisema hufunua akisikia adhana ya adhuhuri, isipokuwa Jumanne, ambapo hungoja simu. Takriban saa sita kila siku. Saa mia mbili arobaini na sita za giza, kati ya saa mia tisa sitini na sita za mwanga ambazo Perpetua alikuwa amezihesabu kwa kila paneli. Robo na kidogo.

"Na ile ya mwisho?" aliuliza, ingawa alikuwa ameliona jibu toka barabarani. "Namba sita. Kwa nini haifunikwi?"

"Turubai halifiki. Nilijaribu kulivuta siku ya kwanza, likaacha wazi ile ya huku. Na kule mwisho ngazi haifiki, mie si paka." Mama Mujibu aliliangalia daftari la Perpetua. "Maskini, hiyo ndiyo inayokula salfa peke yake. Imekufa?"

"Haijafa," Perpetua alisema. "Ndiyo pekee niliyoipima sawasawa."

Sadallah alichukua mashine yake akaenda kuoga.

Saa tano kamili ukungu ulikuwa umeondoka. Perpetua alipanda ngazi, akaondoa mawe manne, akavuta turubai. Kwa namba sita alilazimika kutambaa juu ya bati kwa magoti, akaifuta unga kwa kitambaa kikavu, jambo ambalo alikuwa akilifanya kila Jumanne bila kujiuliza kwa nini lilihitajika kwa hiyo tu. Aliunganisha kipimo. Namba moja: tisini na mbili. Namba mbili: tisini. Namba tatu: tisini na moja. Namba nne: themanini na tisa. Namba tano: tisini na moja. Namba sita: sabini na sita.

Wastani wa tano ulikuwa tisini nukta sita. Angeweza kushuka, kuandika namba hiyo, na kurudi Masasi na gari la saa saba. Kusingekuwa na tarakimu moja ya uongo ndani yake. Alilifikiria hilo akiwa bado juu ya paa, bila kujiona mbaya wala mwema, kama mtu anayehesabu vituo vilivyobaki. Kisha akaziacha paneli zote wazi, akateremka, akala mihogo iliyokwisha kupoa.

Saa nane alipanda tena. Jua lilikuwa halijapungua sana, na kwa kila paneli alisahihisha kwa kipima mwanga. Themanini na nne. Themanini na tatu. Themanini na nne. Themanini na mbili. Themanini na tatu. Kwa saa tatu za jua paneli tano zilikuwa zimepoteza pointi saba au nane kila moja. Namba sita ilibaki sabini na sita. Haikuwa na mapumziko ya kupoteza.

Kule Masasi, Loveness, mhudumu wa maabara, alikuwa amemtumia ujumbe wa vipimo vya mchana kama walivyopatana. Wastani wa paneli zote sita ulikuwa sabini na tano.

Sabini na tano chini, sabini na sita juu. Baridi ya Newala haikuwa imelinda kitu.

Alimpigia simu Daktari Fortunatus, msimamizi wake, aliyekuwa Dar es Salaam. Alimweleza kwa mpangilio: turubai, daftari la mpulizaji, vipimo viwili vya leo. Fortunatus hakumkatiza. Nyuma yake feni ilikuwa ikisaga.

"Namba sita ulisema ni mbovu," alisema mwishowe.

"Nilisema."

"Wiki ya nne. Nami nikasaini."

"Ndiyo, Daktari. Nilikuwa na paneli tano zinazosema ninachotaka na moja inayokataa. Nikaiita mbovu ile moja."

Fortunatus alisikika akifunua karatasi.

"Perpetua, unajua ikiandikwa hivyo nini kinafuata."

"Najua."

"Hakuna Oktoba. Na tasnifu yako, sijui nitawaambia nini kamati. Nimekwisha kuwaomba mara mbili." Alikohoa. "Unaweza kutoa wastani wa tano, ukaeleza kufunikwa kwenye kiambatisho. Watu wanafanya hivyo."

"Kiambatisho hawakisomi."

"Hawakisomi," alikubali. Hakusema kwa kejeli. Alisikika naye amechoka kwa namna ile ile. "Basi. Mimi sikuambii uandike nini. Sahihi ni yako. Ila ifike kabla ya saa kumi na moja."

Aliandika taarifa kwenye simu, ameketi kwenye kigogo, mgongo kwenye ukuta. Nguvu iliyobaki Mnyambe baada ya siku themanini na nne: asilimia sabini na sita, paneli moja. Paneli tano zimeondolewa kwenye hesabu kwa kuwa zilifunikwa takriban robo ya muda wa mwanga na zilipimwa zikiwa zimetoka gizani. Maelezo ya awali kuhusu kasoro ya paneli namba sita yanafutwa. Hayakuwa na ushahidi. Maelekezo kwa mtunzaji hayakukataza kufunika. Kosa ni la mwandishi wa maelekezo. Alifuta neno "bahati mbaya" alilokuwa ameliandika mahali fulani katikati.

Mama Mujibu alikuja na kuketi chini, akinyoosha miguu kwenye mkeka.

"Ile friji ya zahanati," alisema. "Uliyoisema Mei."

"Si mwaka huu."

"Kwa sababu ya turubai langu."

"Hapana, mama. Paneli zingefungwa kule na zingekufa kule kule, mwakani au mwaka wa pili, chanjo zikiwa ndani. Turubai lako lilinificha mimi nisilione hilo."

Mama Mujibu alilitafakari. "Kwa hiyo nilikuwa naziuguza."

"Ulikuwa unazipumzisha."

"Angalau kuna aliyepumzika nyumba hii." Alijikuna goti. "Kesho Sadallah anapuliza kwa mzee Sultani. Nifunike?"

Perpetua alinyanyuka, akaenda nyuma ya mlango, akaichomoa karatasi kwenye plastiki yake. Chini ya mstari wa saba aliandika wa nane kwa kalamu ya wino: Usifunike paneli kwa kitu chochote, hata siku ya salfa. Akaongeza tarehe. Akairudisha.

"Usifunike. Wala simu yangu usiingoje."

"Zitachafuka."

"Zichafuke."

Saa kumi na dakika arobaini na moja alituma taarifa. Saa kumi na moja kasoro dakika nne simu ililia mara moja. Ujumbe wa Daktari Fortunatus ulikuwa na maneno matatu: Imepokelewa. Rudia majaribio.